Kuvundika Bangi: Miguu Iliyolainisha Moshi

Kiswahili kina kitenzi ambacho siku hizi tunakitumia zaidi kwenye ndizi na maembe: kuvundika. Unakata mkungu ungali mbichi, unaufunika kwenye shimo au gunia, unauacha upate joto, halafu unasubiri. Ukifunua mapema utakula utomvu. Ukichelewa utatupa. Katikati hapo kuna siku chache ambazo bibi zetu walizijua bila kalenda, kwa kunusa tu na kubonyeza kwa kidole gumba.

Tumbaku nayo huvundikwa. Na bangi pia. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, maana historia yake imeandikwa kwa undani ambao sikuutarajia, tena na serikali, tena katika nyaraka za kodi.

Tuanze na sababu. Jani lililokaushwa kwa pupa, juani au motoni, hukauka nje huku ndani likiwa bado na maji, sukari, wanga na ule ukijani wake wote. Ukiliwasha, moshi wake unakwaruza koo kama mchanga. Jani lililokaushwa polepole, kisha likafungiwa mahali penye joto kidogo, halifi mara moja. Linaendelea kujila lenyewe: sukari inapungua, ukijani unafifia, unyevu unasambaa sawasawa. Moshi wake ni laini. Leo ukiingia kwenye duka halali la bangi kule Toronto, ulaini huo ni sehemu ya unachokilipia. Kuna watu wamesomea, wana vyumba vyenye vipimo vya unyevunyevu, na wanaongea kana kwamba jambo hili lilizaliwa jana.

Halikuzaliwa jana. Turudi mwaka 1893.

Machi ya mwaka huo, mbunge mmoja wa Uingereza aitwaye William Sproston Caine, mpigania kuacha ulevi, alisimama bungeni London akataka serikali ichunguze madhara ya bangi nchini India. Hofu yake ilikuwa ya wengi wakati ule: kwamba hospitali za wendawazimu za India zimejaa wavuta bangi. Serikali ilikubali. Julai ikaundwa tume ya watu saba, Waingereza wanne na Wahindi watatu, chini ya W. Mackworth Young. Waliandaa maswali 70, wakayasambaza nchi nzima, wakapokea ushahidi wa watu 1,193: madaktari, mahakimu, watoza ushuru, wamishenari, wakulima, wafanyabiashara. Hata tumbili mmoja alivutishwa moshi maabara ili wamwangalie ubongo. Matokeo yake ni ripoti ya mwaka 1894 yenye kurasa zaidi ya 3,000.

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeiweka mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuisoma. Na mimi nawashauri wapenzi wa fasihi waisome, hata kama bangi yenyewe haiwahusu. Ni kama riwaya kubwa iliyoandikwa na watu wasiojua kwamba wanaandika riwaya. Maswali ni yale yale, majibu hayafanani. Huyu anasema mmea huu ni uharibifu mtupu, yule anasema ni dawa ya baridi kwa wavuvi, mwingine anasema ni wa watawa na mungu Shiva. Unasikia nchi nzima ikibishana na nafsi yake.

Lakini kilichonishika zaidi ni zile kurasa za utengenezaji.

Bengal ya wakati ule ilikuwa na eneo moja tu lililoruhusiwa kulima bangi ya kuvuta, lililojulikana kama Ganja Mahal, kwenye wilaya za Rajshahi, Dinajpur na Bogra zinapokutana. Kitovu chake kilikuwa mji wa Naogaon, ambao leo uko kaskazini mwa Bangladesh. Hapo tuelewane kidogo kuhusu majina. Sisi tunasema bangi kwa kila kitu, lakini kwa Wahindi bhang ni majani, yanayosagwa na kunywewa. Ganja ni vichwa vya maua vya mmea jike, vya kuvuta. Charas ni utomvu wenyewe, ambao enzi hizo ulisafirishwa kutoka Yarkand, Asia ya Kati, ukavuka milima mpaka Punjab. Naogaon walishughulika na ganja.

Ili upate ganja nzuri, mmea jike usichavushwe. Ukichavushwa unazaa mbegu, na nguvu yote inakwenda huko. Kwa hiyo mwezi wa Novemba wakulima walimwita mtaalamu aliyeitwa poddar. Alipita shamba zima, mstari kwa mstari, akitambua mimea dume kabla maua hayajafunguka, na kuiondoa. Akikosea mmoja tu, jirani zake wote wanaingia mbegu. Maafisa wa Kiingereza walimwita daktari wa ganja, na sidhani kama walikuwa wanamtania. Mapato ya serikali yalitegemea jicho lake.

Mavuno yalikuja Februari na Machi, na hapo ndipo kazi ya kuvundika ilipoanza. Mimea ilikatwa, ikaachwa isinyae juani, ikalala nje ipate umande. Kesho yake ilichambuliwa. Matawi yasiyo na maua yalitupwa, yenye maua yakakatwa vipande vifupi. Kisha vilipangwa juu ya mkeka kwa duara, vichwa vikitazama ndani, safu juu ya safu, na wanaume wakapanda juu yake kwa miguu mitupu.

Walikanyaga. Walizunguka kwa hatua ndogondogo, wakikandamiza maua yenye utomvu yashikane yenyewe kwa yenyewe. Ilipotosha, walirundika, wakafunika kwa mkeka, wakaweka uzito juu, rundo likashika joto. Baada ya hapo walifunua, wakapanga tena, wakakanyaga tena, wakakung'uta majani na mbegu zilizobaki, wakarundika tena. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Ilichokuwa majani ya kijani kibichi ikawa kitu bapa, cha rangi iliyofifia, chenye kunata. Hiyo ndiyo ganja bapa.

Kulikuwa na ganja duara pia, na hii ilitaka ustadi zaidi. Wafanyakazi walishikilia mwanzi uliofungwa kwa ulalo mbele yao, wakaviviringisha vichwa vichache vichache chini ya nyayo mpaka vipate umbo kama la sigara. Fikiria hilo: kuviringisha kwa unyayo kitu ambacho wengi wetu hata kwa vidole kingetushinda. Na vile vipande vilivyovunjika na kudondoka wakati wa kazi havikutupwa. Viliitwa chur na vikauzwa kivyake.

Sasa jiulize kwa nini serikali ya kikoloni ilijali haya yote. Jibu ni ushuru. Mmea ukiwa shambani ni vigumu kuutoza kodi, maana hujui kitakachopona mvua wala wadudu. Ukishakuwa moshi, umechelewa. Lakini pale uwanjani, siku zile chache za kukanyaga na kufunika, mmea unageuka kuwa bidhaa: una uzito, una daraja, una bei. Ndipo karani akasimama pale na daftari lake. Mkulima alihitaji leseni ya kulima, mzigo ulipelekwa kwenye maghala yanayosimamiwa na serikali, na muuzaji alilipa ushuru kabla ya kuutoa.

Kwa hiyo kuvundika kulikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Kwa mvutaji ilikuwa ulaini. Kwa dola ilikuwa mahali pa kukaba.

Na dola iliandika vizuri, lazima tukiri. Mwaka 1877 ofisa Mbengali, Hem Chunder Kerr, alitoa ripoti ndefu juu ya kilimo na biashara ya ganja ya Bengal. Mwaka 1893 David Prain, mtaalamu wa mimea wa bustani ya kifalme ya Calcutta, akaandika yake. Ripoti ya tume ikachota humo. Prain baadaye alikwenda mbali: mwaka 1905 akawa mkurugenzi wa bustani za Kew, London, cheo ambacho mtu wa mimea wakati ule hakuwa na kikubwa zaidi cha kutamani.

Poddar je? Huyo anabaki poddar. Tunajua alichofanya, mwezi aliofanya, hata umuhimu wake kwa hazina. Waliokanyaga wanabaki "wafanyakazi". Tunajua nyayo zao zilipokanyaga na vilikokuwa vimeelekea vichwa vya maua, lakini zile kurasa haziwahesabu kama watu wenye majina na mama zao. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenizoesha kuona hilo haraka: kila taarifa ina aliyenukuliwa kwa jina na cheo, na ina "mkazi mmoja wa eneo hilo". Mara nyingi huyo mkazi mmoja ndiye anayejua.

Tume yenyewe, kwa haki yake, iligundua kitu kinachofanana na hicho. Walipokwenda kwenye daftari za hospitali za wendawazimu kutafuta ushahidi wa ile hofu ya Caine, walikuta wagonjwa 222 wa mwaka 1892 walioandikwa kwamba wazimu wao umetokana na bangi. Wakaanza kuuliza: nani aliandika? Mara nyingi ilikuwa ni polisi au hakimu aliyemleta mgonjwa. Fomu ilikuwa na nafasi ya "sababu", nafasi inataka kujazwa, na bangi ilikuwa jibu rahisi. Walipochambua kesi moja moja, zilibaki 98 ambazo bangi ingeweza kuhusishwa nazo, tena nyingine kati ya hizo ikiwa pamoja na sababu nyingine. Hitimisho lao: matumizi ya kiasi hayana madhara ya kutajika, ya kupindukia yanadhuru, na marufuku kamili haifai. Toza kodi, dhibiti, basi. Wajumbe wawili wa Kihindi, Soshi Sikhareswar Roy na Nihal Chand, hawakukubaliana na wenzao, wakaandika maoni yao tofauti. Nayo yamo humo humo kwenye ripoti.

Kuna njia ya pili ya kulainisha moshi, na hii inatufikisha nyumbani Afrika. Badala ya kuutibu mmea, unautibu moshi: unaupitisha kwenye maji. Nchini Ethiopia, kwenye pango la Lalibela, wanaakiolojia walikuta viko vya udongo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1975 ukaonyesha mabaki ya bangi ndani yake. Tarehe yake inakadiriwa kwenye karne ya 14. Yaani kabla Columbus hajavuka bahari na kabla tumbaku haijajulikana huku kwetu, kuna watu upande huu wa dunia walikuwa wanavuta. India kwa muda mrefu bangi ililiwa na kunywewa. Desturi ya kuivuta ilienea baada ya tumbaku ya Wareno kufika.

Lugha yetu nayo imehifadhi ushahidi. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, ameorodhesha sehemu za kiko cha kale moja moja. Bori ni kichwa cha udongo kinachowekwa tumbaku. Digali ni mti unaoshuka majini. Kiko chenyewe ni kile chombo cha maji. Shilamu ni mrija wa kwenda mdomoni, neno linalosikika kama ndugu wa chilam ya Wahindi. Na ile sauti ya maji yanapobwabwaja iliitwa malio ya kiko. Watu waliokuwa na jina la sauti hiyo walikuwa wamekaa na moshi wao muda mrefu, wakiusikiliza. Leo tumebaki na neno moja tu, kiko, tukimaanisha kile cha wazee wa kizungu kwenye sinema.

Na tumbaku? Kisa chake kinaingia hapa kwa sababu kina mtu mwenye nusu ya jina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, wilaya ya Caswell, North Carolina, mtumwa mhunzi aitwaye Stephen alikuwa analinda moto wa banda la kukaushia tumbaku kwenye shamba la Abisha Slade. Akasinzia. Aliposhtuka moto unakaribia kufa, akakimbilia mkaa uliokuwa wa kazi yake ya uhunzi, akautupia. Joto likapanda ghafla, na jani likatoka la manjano, jepesi, lenye moshi laini. Slade akatajirika kwa jani hilo. Stephen tunamjua kwa jina moja, na wanaompa jina la pili humpa la bwana wake.

Jani hilo la manjano lina watoto Tanzania. Ndiyo tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo na Kaliua, kwenye eneo ambalo Waingereza walijaribu karanga baada ya vita ya pili wakashindwa. Mkulima wa huko analijua bani lake kama anavyolijua jiko: kwanza joto la chini jani ligeuke manjano, kisha la kukausha jani, kisha la kukausha mshipa. Anakesha. Moto unakula kuni, na kuni ni miti ya miombo. Mwisho wa msimu anasimama sokoni mtu mwingine amwambie jani lake ni daraja gani.

Hapo pana jambo la kusema wazi. Ulaini si usalama. Moshi unaokwaruza unamkumbusha mtu kwamba ni moshi, anakohoa na kuacha. Moshi laini unaingia mpaka chini ya pafu bila kubisha hodi. Jani la manjano, ambalo moshi wake unavutika ndani kirahisi, ndilo lililoifungulia njia sigara ya kiwandani, na karne ya 20 ililipa kwa mamilioni ya vifo. Koo linaloshukuru halimaanishi pafu limesamehe. Wanaosifia bangi iliyovundikwa vizuri kama kwamba imekuwa chai ya mchaichai wanapaswa kukumbuka hilo.

Turudi Naogaon kumalizia. Mwaka 1917 wakulima wale waliunda chama chao cha ushirika, na faida yake ikajenga shule, misikiti na barabara. Waliendelea kupitia Uingereza kuondoka, Pakistan kuja na Bangladesh kuzaliwa. Kilichowamaliza ni karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliwapa nchi zilizokuwa na desturi hiyo muda wa miaka 25 tangu uanze kutumika, ziwe zimekomesha matumizi yasiyo ya tiba. Bangladesh ilifunga kilimo hicho mwaka 1987. Wajuzi wa kukanyaga wakawa, kisheria, wajuzi wa jinai.

Halafu angalia kalenda. Mwaka 2012, miaka 25 tu baadaye, wapiga kura wa Colorado na Washington, Marekani, walihalalisha bangi. Kanada ikafuata mwaka 2018. Na huku kwetu Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020, Rwanda ikaweka kanuni mwaka 2021, zaidi kwa ajili ya tiba na mauzo ya nje. Malawi ndiko ambako kwa miaka mingi wanakijiji wamefunga chamba chao kwa maganda ya mahindi, wakakikaza kwa kamba, kikajivundika humo mpaka kikajulikana duniani. Leseni zinahitaji mtaji, uzio, maabara. Mwanakijiji mwenye ganda la mahindi hana hivyo vyote. Na huyu wa Tanzania au Kenya akikutwa nayo leo, anaijua njia ya mahakamani.

Sisemi ihalalishwe, wala sisemi isihalalishwe. Huo ni mjadala wa watu wazima na bunge lao. Ninachosema ni kwamba ujuzi huu una wenyewe, na ushahidi upo kwenye kurasa 3,000 za serikali iliyowatoza kodi. Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Basi wa leo wana maduka yenye vioo na vyeti ukutani vya utaalamu wa kuvundika. Wa jana walikuwa na mkeka, umande wa Februari, na nyayo zilizopasuka ambazo karani aliziona, akaandika zilichofanya, akafunga daftari bila kuuliza jina.